Hugh Owen Thomas: mwana wa mhazigi aliyebadili tiba ya mifupa

Mtu aliyevunjika mguu huko Kamwokya, mtaa wenye pilikapilika ulio jirani na kilima cha Mulago jijini Kampala, huwa na njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza inapanda hadi Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, kwenye eksrei, plasta na chumba cha upasuaji. Ya pili inaelekea kwa muunga mifupa wa jadi, ambaye Waganda humwita omuyunzi na Waswahili wa pwani humwita mhazigi. Katika mtaa ambao wakazi wake wengi husafiri kwa boda boda, na ambao vijana wake wengi huishi kwa kuziendesha, uchaguzi huo hufanywa mara nyingi, tena kwa haraka, kando ya barabara, huku majeruhi akilia kwa maumivu.

Ubishi baina ya njia hizo mbili haukuanzia Afrika. Katika karne ya 19, katika mji wa bandari wa Liverpool nchini Uingereza, uliingia ndani ya nyumba moja: baba alikuwa mhazigi asiye na cheti, na mwana alikuwa daktari aliyesomea vyuo vikubwa. Mwana huyo ni Hugh Owen Thomas. Wanafunzi wa udaktari ulimwenguni kote, wakiwemo wa Makerere, hujifunza kipimo cha nyonga chenye jina lake, na banzi alilolibuni kwa ajili ya mguu limeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Hata hivyo, alifariki dunia bila kupewa cheo na hospitali kubwa yoyote, na wenzake wengi walimdharau hadi siku ya mwisho.

Ukoo wa waunga mifupa

Asili ya ukoo wa Thomas imefunikwa na masimulizi. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 18, chombo kilivunjika kwa dhoruba karibu na kisiwa cha Anglesey, kaskazini mwa Wales. Mtoto wa kiume aliokolewa kutoka baharini, akizungumza lugha ambayo hakuna mtu kisiwani aliyeifahamu. Alilelewa na wenyeji, akapewa jina la Evan Thomas, na alipokua akaonekana kuwa na kipaji cha kuunga mifupa, kwanza ya ndege na wanyama, kisha ya binadamu. Kipaji hicho kilirithiwa na wanawe na wajukuu wake. Kama ilivyo katika koo nyingi za wahazigi wa Afrika Mashariki, mkono ulifundishwa na mkono, bila kitabu.

Mjukuu mmoja, naye akiitwa Evan, alihamia Liverpool akiwa kijana. Mji ule ulikuwa umejaa mabaharia, wachukuzi wa bandarini na mafundi wa meli. Watu walianguka kutoka kwenye milingoti, wakabanwa na mizigo, wakagongwa na mikokoteni. Evan aliwaunga, na sifa zake zikaenea mbali. Madaktari wenye vyeti hawakupendezwa. Alishitakiwa mahakamani na kusumbuliwa kwa miaka mingi, huku wagonjwa wake wakimtetea. Kutokana na mateso hayo Evan alifikia uamuzi wa busara: wanawe wote watano wangesomea udaktari, ili mtu yeyote asiweze tena kuwaita matapeli.

Hugh, mwanawe mkubwa, alizaliwa Anglesey tarehe 23 Agosti 1834. Alikuwa mtoto dhaifu wa afya, na kwa sababu hiyo alilelewa kwa miaka kadhaa na babu na bibi yake mashambani. Jicho lake moja liliumia utotoni, na ukubwani alizoea kuvaa kofia yenye ukingo uliolikinga. Kofia hiyo, koti jeusi lililofungwa hadi shingoni na sigara iliyokaribia kuwa sehemu ya mdomo wake vikawa alama za kumtambulisha mjini Liverpool.

Mikono miwili, fikra mbili

Thomas alianza kujifunza tiba chini ya mjomba wake aliyekuwa daktari huko Wales, kisha akasoma Edinburgh na London. Alipata sifa ya udaktari mwaka 1857, akakaa kwa muda Paris kuona kazi ya hospitali za huko, halafu akarudi Liverpool kufanya kazi na baba yake.

Ushirikiano huo haukudumu hata mwaka mmoja. Baba aliuamini mkono uliozoea. Mwana alitaka kujua sababu ya kila jambo. Waliachana, na Thomas akafungua chumba chake mwenyewe katika mitaa ya makabwela. Lakini hakuutupa urithi wake. Kwa baba alikuwa amejifunza kupapasa mfupa na kusoma umbo lake kupitia ngozi, katika miaka ambayo eksrei ilikuwa bado haijavumbuliwa. Kwa vyuo alikuwa amejifunza muundo wa mwili na jinsi ugonjwa unavyofanya kazi. Pale vitu hivyo viwili vilipokutana ndipo kazi yake ilipoanzia.

Mwaka 1866 alihamia nyumba nambari 11 ya Nelson Street, karibu na bandari, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi mwisho wa maisha yake. Aliamka kabla ya alfajiri kuwatembelea wagonjwa kwa gari la farasi, kisha akarudi kuwapokea waliokuwa wamejaa mlangoni. Jumapili aliwatibu maskini bila malipo, na foleni zilikuwa ndefu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na karakana, ambamo mfua chuma na mshona ngozi walitengeneza vifaa kwa kipimo cha kila mgonjwa. Mtu aliingia akiwa ameshikiliwa na ndugu zake, na mara nyingi alitoka siku hiyohiyo akiwa na chuma kilichokunjwa kuufuata mwili wake.

Banzi la Thomas

Ili kuelewa umuhimu wa vifaa hivyo, ni lazima kukumbuka hali ya upasuaji wa wakati ule. Kifua kikuu cha mifupa na viungo kilikuwa kimeenea, na dawa za kukiua zilikuwa bado hazijapatikana. Goti au nyonga iliyooza ilikatwa au kuchongwa kwa kisu, na wengi waliofanyiwa hivyo walikufa kwa kuoza kwa jeraha. Viuavijasumu vilikuwa bado miongo mingi mbele.

Thomas aliamini kwamba kiungo kigonjwa hupona kikiachwa kipumzike kweli, bila kukatizwa, na kwa muda mrefu kuliko madaktari wengi walivyokuwa tayari kusubiri. Mwaka 1875 alichapisha kitabu chake kuhusu magonjwa ya nyonga, goti na kifundo cha mguu, na ndani yake akaeleza mabanzi aliyoyabuni.

Lililo maarufu zaidi ni banzi la goti. Lina pete ya chuma iliyozungushiwa pamba na ngozi, inayokaa juu kabisa ya paja na kuegemea mfupa wa makalio. Kutoka kwenye pete hiyo fito mbili za chuma hushuka kila upande wa mguu hadi kupita wayo, na huko huungana. Mguu ukifungwa kwenye ncha ya chini na kuvutwa, pete hushikilia juu. Hivyo mguu hunyooka na kutulia, na mgonjwa anaweza kuinuliwa bila mifupa kusuguana. Kwa wagonjwa wa goti, Thomas alitengeneza aina ya kutembelea: alikiinua kiatu cha mguu mzima kwa chuma, akampa mgonjwa magongo, na mguu mgonjwa ukaning'inia ndani ya banzi bila kukanyaga. Mfanyakazi aliyekuwa alale kitandani kwa miezi aliweza kurudi nyumbani kwake.

Banzi hilohilo lilifaa kwa mvunjiko wa mfupa wa paja, na hapa ndipo lilipokuja kuokoa maisha zaidi. Mfupa wa paja ni mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili, na umezungukwa na misuli mikubwa. Ukivunjika, misuli hiyo hujikaza, vipande vya mfupa hupandana na ncha zake huchoma nyama. Zaidi ya lita moja ya damu inaweza kuvuja ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Kila mtikisiko wa safari huongeza maumivu na uvujaji. Kuunyoosha mguu na kuutuliza kabla ya safari kunapunguza yote mawili.

Thomas alishughulika pia na mifupa iliyokataa kuunga. Aligonga taratibu mahali palipovunjika, na kufunga mpira juu na chini yake ili damu ijikusanye, akiamini kwamba damu nyingi ingeuamsha mfupa. Njia hiyo imepitwa na wakati. Hata hivyo, swali aliloliuliza, kwa nini mfupa wa mtu mmoja huunga na wa mwingine hukataa, bado ni mojawapo ya maswali magumu katika upasuaji wa mifupa.

Alichokosa

Thomas hakuwa mtu rahisi. Aliandika kwa ukali, akawashambulia wakubwa wa taaluma kwa majina, na akachapisha vitabu vyake kwa njia ambayo haikuvifikisha mbali. Hakufundisha katika chuo chochote, wala hakuwa na wodi katika hospitali kubwa. Alikuwa na hospitali ndogo tu ya kwake mwenyewe. Kwa kuwa wagonjwa wake hawakuandikwa katika vitabu vya hospitali kubwa, madaktari wengi waliyaona mafanikio yake kuwa ni hadithi za mtaani. Inaelezwa kwamba mwaka 1870, wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia, alitaka kulitoa banzi lake litumike kwa majeruhi wa Ufaransa, lakini halikukubaliwa.

Pia si yote aliyoyasema yamesimama. Leo inajulikana kwamba mapumziko ya muda mrefu mno yana gharama yake. Goti hukakamaa, misuli hunywea, damu huganda ndani ya mishipa, na ngozi ya mgongo hutoka vidonda vya kulalia. Madaktari wa sasa hutaka mfupa utulie lakini mwili utembee, na mara nyingi jambo hilo haliwezekani bila upasuaji.

Tarehe 6 Januari 1891, akiwa na umri wa miaka 56, Thomas alifariki dunia kwa nimonia, baada ya maisha ya kazi bila likizo. Maelfu ya watu wa Liverpool, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa bandari na familia zao, walijitokeza kumzika. Wengi wao walisimama kwa miguu ambayo yeye alikuwa ameinyoosha.

Mrithi na vita

Thomas na mkewe Elizabeth hawakupata watoto. Mwaka 1873 walimpokea nyumbani kijana wa miaka 16, Robert Jones, mtoto wa kaka yake Elizabeth. Jones alisomea udaktari, akafanya kazi bega kwa bega na Thomas, na akawa na kile ambacho Thomas alikikosa, yaani upole wa kusikilizwa.

Mwaka 1888 Jones aliteuliwa kusimamia matibabu ya wafanyakazi waliokuwa wakichimba mfereji wa meli wa Manchester, kazi iliyochukua maelfu ya watu na kujeruhi wengi. Alipanga vituo vya huduma ya kwanza kando ya mfereji na hospitali tatu nyuma ya vituo hivyo, ili majeruhi atulizwe pale alipoanguka, asafirishwe salama, kisha apasuliwe na watu wenye ujuzi. Huo ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ulimwenguni ya kuwahudumia majeruhi wa ajali kwa hatua.

Ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1914, askari waliopigwa risasi za paja walikufa kwa wingi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi hufikia 80 kwa kila 100. Jones alisisitiza banzi la mjomba wake litumike karibu na mstari wa mbele, kabla majeruhi hajabebwa mbali. Wabeba machela walifundishwa kulifunga hatua kwa hatua, hata gizani. Katika mapigano ya Arras mwaka 1917, taarifa ya daktari mpasuaji Henry Gray kuhusu majeruhi 1,009 wa mvunjiko wa paja ilionyesha kwamba waliokufa walikuwa takriban 16 kwa kila 100. Banzi halikufanya kazi hiyo peke yake, kwa maana upasuaji wa majeraha na matibabu ya mshtuko vilikuwa pia vimeboreka. Hata hivyo, hakuna aliyeweza tena kusema kwamba kifaa cha daktari wa makabwela ni hadithi. Miaka 26 baada ya kifo chake, Thomas alipata ushahidi uliokuwa ukitakiwa kwake.

Kutoka banzi hadi chuma cha ndani

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Ujerumani. Mwaka 1939, mjini Kiel, daktari Gerhard Küntscher alipitisha chuma kirefu ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, kiushike mfupa kutoka ndani. Mgonjwa aliyekuwa afungwe kitandani kwa majuma mengi aliweza kusimama baada ya muda mfupi.

Katika nchi zenye kipato kidogo, kwa miaka mingi wagonjwa wa paja waliendelea kulala huku mguu ukivutwa kwa uzito, kwa kuwa vyuma na mashine za eksrei za chumba cha upasuaji ni ghali. Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN, linalotoa bila malipo vyuma vya ndani vilivyobuniwa viweze kuwekwa hata pasipo mashine hiyo. Uganda ni miongoni mwa nchi zinazovitumia.

Upasuaji huo huleta nafuu kubwa, na kwa walio wengi mfupa huunga. Lakini una hatari zake, na mgonjwa ana haki ya kuzijua kabla hajatia sahihi. Vijidudu vinaweza kuingia, hasa pale mfupa ulipotoboa ngozi, na usaha unaweza kujitokeza hata baada ya miezi. Mguu unaweza kuunga ukiwa mfupi au umegeuka. Mfupa unaweza kukataa kuunga, na chuma kikachoka na kuvunjika. Mafuta kutoka ndani ya mfupa yanaweza kuingia kwenye damu na kufika mapafuni. Nyingi kati ya hatari hizi hupungua majeruhi akipewa viuavijasumu mapema, jeraha likisafishwa vizuri, na mgonjwa akirudi kliniki kila anapoitwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa mtu asiyefanya kazi hukosa hata nauli. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa Mulago zimeonyesha kwamba mguu uliovunjika huanguka pamoja na kipato cha nyumba nzima, na watoto huacha shule.

Kamwokya na urithi wa Thomas

Ndiyo sababu wengi hupeleka majeruhi kwa omuyunzi. Yuko karibu, hulipwa kidogokidogo, huzungumza lugha ya mgonjwa, na haendi naye kwenye kisu. Kwa mvunjiko mdogo ambao ngozi yake haijapasuka, mkono uliozoea unaweza kusaidia. Hatari huja pale mti na kitambaa vinapofungwa kwa kukaza sana hata damu ikashindwa kupita, pale jeraha lililo wazi linapofunikwa kwa majani, au pale mfupa unapokandwa kwa nguvu siku baada ya siku. Mguu unaweza kufa ndani ya banzi, na kilichoanza kama mvunjiko kikaishia kwa kukatwa.

Uzoefu wa nchi nyingine za Afrika unaonyesha kwamba dharau haijasaidia, bali mafunzo yamesaidia. Nchini Nigeria na Ethiopia, madaktari waliwaalika wahazigi, wakawafundisha kwa muda mfupi jinsi ya kufunga bila kukaza, jinsi ya kutambua mguu unaokosa damu, na aina za mvunjiko zinazopaswa kupelekwa hospitali mara moja. Madhara makubwa yalipungua. Huo ndio uamuzi alioufanya Evan Thomas alipowapeleka wanawe shule: hakukana ujuzi wa mikono yake, wala hakudai kwamba unatosha.

Kwa wasikilizaji wetu wa Kamwokya na kwingineko, mambo machache yafaa kukumbukwa. Mguu uliovunjika utulizwe kabla ya kusogezwa, kwa ubao au hata kwa kuufunga na mguu mwingine. Majeruhi asipakiwe juu ya pikipiki akiwa amekaa, mguu ukining'inia. Mvunjiko wa paja, mfupa uliotoboa ngozi, na kiungo kisichohisi kitu ni vya hospitali, tena saa hiyohiyo. Na yeyote aliyefungwa, iwe ni plasta ya daktari au mti wa mhazigi, aangalie vidole vyake: vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, kifungo kilegezwe na mtu huyo apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.